Kitambaa Juu ya Mashine ya Kanda

Siku seva ya ofisi ya maji ilipokata roho, haikupiga kelele. Wapo wanaosema ilipiga. Mlinzi wa getini, ambaye watu humwita Redio kwa sababu hazimiki, anaapa kwamba alisikia mlio uliowarusha njiwa wote wa paa na kwamba hawajarudi hadi leo. Njiwa wapo. Nimewaona mwenyewe, na mmoja amenichafulia kofia. Ukweli ni kwamba diski za seva zilikufa kimya kimya asubuhi, moja ikimfuata mwenzake kama wazee waliooana, na wa kwanza kujua alikuwa Mama Ramani, aliyewasha kompyuta yake ili aongeze vali moja kwenye mchoro, akakuta hakuna mchoro wa kuongezea vali.

Mama Ramani alikuwa mchoraji wa ofisi. Mabomba ya mji ule yalizikwa na watu wasiokuwa na habari ya kalamu. Walichimba, wakafukia, wakaenda zao. Yeye ndiye aliyezunguka na fimbo yake ya chuma, mtaa kwa mtaa, akigonga ardhi na kuuliza. Alikuwa akimkuta fundi bomba mstaafu amekaa kizingitini, anamuuliza bomba linapita wapi, na mzee anamwonyesha kwa kidevu: linatoka pale, linakunja kwa yule mwenye mbuzi, linapotelea chini ya ukuta. Anachora. Wengi wa waliomwonyesha sasa wamelala ardhini pamoja na mabomba yao. Na karatasi zake za awali zilichomwa kwa amri ya Meneja. "Karatasi za nini, mama," alisema Meneja, "na sisi tumeshaingia kwenye kompyuta?"

Kwa hiyo ramani zikipotea, zimepotea. Kwa nyingi hakuna wa kumuuliza tena.

Meneja alipoambiwa, alisimama mlangoni mwa chumba cha seva na kusema mkandarasi wa pampu mpya anaingia wiki hiyo hiyo, na asipopewa ramani atapasua barabara zote ayatafute mabomba kwa macho. Kisha akaenda kunywa chai, maana yake alikuwa na wasiwasi kweli.

Chumba cha seva kilikuwa chini ya mamlaka ya Fundi. Fundi huyo alikuwa kijana mwenye maneno, mtu wa kubishana na mashine kwa sauti, mpaka pale Mama Ramani anapoingia. Hapo sauti yake inashuka, mikono inarudi nyuma ya mgongo, na miguu inatafuta pa kusimama. Alikuwa amemuoa binti wa pekee wa mama huyo.

"Usihangaike, mama," alimwambia siku hiyo, akitazama kola ya gauni lake badala ya uso. "Kila siku tunachukua nakala kwenye kanda. Naweka diski mpya, naweka mfumo wa kuiendesha, Linux, narudisha nakala. Jioni ramani zako umezipata."

"Haya, baba. Mimi nakaa hapa hapa."

Hilo hakulitaka, lakini angesema nini? Akamletea kiti.

Mashine ya kanda ilikuwa juu ya meza ya chuma, pembeni ya seva. Ni kisanduku chenye mdomo mbele. Unakilisha kanda, chenyewe kinaivuta, kinaizungusha na kuandika humo kila kilichomo kwenye seva. Lakini aliyeingia chumbani hakuiona mashine. Aliona kitambaa. Kitambaa cha kufuma, kijani na rangi ya chungwa, chenye marembo pembe zote nne na vishada vilivyoning'inia mbele mpaka chini ya mdomo wa mashine.

Hapo panahitaji maelezo. Mama Ramani hakuweza kuvumilia kitu kikae uchi. Nyumbani kwake televisheni ilikuwa na kitambaa, redio ina kitambaa, na mtungi wa maji una kitambaa ambacho nacho kilikuwa na kitambaa chake kidogo cha Jumapili. Redio anadai aliwahi kumwona kuku wake ana kitambaa, lakini huyo ni Redio. Chumba cha seva kilipohamishiwa kwenye stoo ya zamani ya vipuri, Mama Ramani alichungulia, akaiona mashine ya mkwewe imekaa wazi na mdomo wake umeachama, na moyo ukamuuma. Akafuma. "Nimekuletea, baba," alisema, "vumbi lisije likakuharibia chombo."

Fundi alijua kwamba chombo kile kinapumua, na kwamba kisipopumua kinapata homa. Lakini kumwambia mama mkwe kwamba zawadi yake haifai ni kazi ambayo haikuwemo kwenye mkataba wake. Alisema asante. Alikusudia kukiondoa akishatoka. Bahati mbaya kila asubuhi mama huyo alipita kusalimia, akatupa jicho mezani, akatabasamu. Basi kikabaki, na kila Fundi alipobadili kanda alikifunua kidogo kama anayemfunua mgonjwa shuka, akachomeka, akakishusha tena.

Diski mpya zikawekwa. Linux ikaingia bila ubishi. Programu ya nakala nayo ikaingia, ikaomba kanda ya jana. Fundi akaweka kanda ya jana. Programu ikaomba kanda ya jana.

"Si nimekupa?" alisema Fundi, halafu akakumbuka nani amekaa nyuma yake, akashusha sauti. "Samahani."

Programu ikaomba kanda ya jana.

Redio, aliyekuwa ameacha geti lijilinde lenyewe, aliegemea mlango. "Kwani inasemaje, kaka?"

"Inasema haioni kanda."

"Si uinunulie miwani."

"Redio, nenda getini."

"Geti halijanituma chochote."

Fundi alianza mwanzo, kama inavyotakiwa. Aliiuliza Linux kama inaiona mashine ya kanda. Inaiona, ikataja hadi aina yake. Akaangalia waya; uko palepale. Akaiuliza mashine hali yake. Ikajibu kwamba ina kanda tumboni, mlango umefungwa, iko tayari kwa kazi. Kwa majibu hayo hapakuwa na mgonjwa. Akaamua kuiruka ile programu, asome kanda mwenyewe kwa amri ya kawaida. Akajibiwa kwamba mashine ina shughuli.

"Shughuli gani tena?" aliuliza Mama Ramani.

"Programu ndiyo imeishikilia, mama. Inaomba kanda, na huku imeikalia mashine mtu mwingine asiiguse."

"Kama Meneja na gari la ofisi," alisema Redio.

Fundi akaizima programu, akarudia amri. Safari hii mashine ilinguruma. Ikaivuta kanda mbele, ikairudisha nyuma, ikaivuta tena, ikakohoa. Redio anasema kikohozi kile kilitikisa vikombe kantini. Kwenye kioo ukatokea mstari mmoja: hitilafu ya kusoma. Akajaribu kanda ya juzi. Hitilafu. Akachukua nyingine kabatini bila kuchagua, nayo ikakohoa vilevile, na sasa pakaanza harufu ya kitu kilichopata moto.

Hapo Fundi alipiga magoti mbele ya meza na kuvisogeza vishada kwa kidole. Nyuma ya vishada palikuwa na taa ndogo ya njano, inawaka. Taa ile husema neno moja tu, "nisafishe", na haijulikani ilikuwa inalisema tangu lini. Programu nayo ilikuwa ikimwandikia. Kila siku ilimtumia ujumbe kwamba nakala imekamilika, ila yapo maonyo. Fundi aliona imekamilika, akaridhika, hakuteremka mpaka kwenye maonyo. Na barua zote hizo zilikuwa zimehifadhiwa ndani ya seva ileile iliyokufa.

Akazima umeme, akakiweka kitambaa pembeni, akafungua kifuniko cha mashine.

Redio amesimulia yaliyokuwemo kwa watu wengi, na kila akisimulia yanaongezeka. Mara ya mwisho nilipomsikia, pamba iliyotoka mle ilijaza mito miwili na godoro la mtoto. Mimi nasema ilikuwa kama kiota cha ndege mdogo. Nyuzi laini, manyoya manyoya, vumbi lililoshikana, na kwenye gurudumu linalovuta kanda ulikuwa umejizungusha uzi mrefu, nusu kijani, nusu rangi ya chungwa. Fundi aliukamata kwa kibanio, akauzungusha taratibu mpaka ukatoka wote. Akaufumbata.

"Umepata nini, baba?" Mama Ramani alikuwa ameinuka kitini.

"Vumbi, mama."

"Vumbi? Na nilivyoifunika!"

Redio akashikwa na kikohozi, akatoka nje, akarudi upesi asipitwe.

Fundi alisafisha alipofikia, kisha akawasha na kuingiza kanda ya kusafishia. Taa ya njano ikazimika. Akarudisha kanda ya jana. Mashine ikasoma, ikafika mahali, ikakwama. Ikaruka, ikasoma kidogo, ikakwama tena. Akakaa kitako sakafuni. Sasa alielewa. Mashine ilikuwa imetibiwa, lakini kanda zilizoandikwa wakati ikiumwa zilikuwa na maandishi ya mgonjwa. Nzima zingekuwa zile za zamani, za kabla ya uzi. Na kabati lilikuwa limejaa kanda. Kuzijaribu moja moja kungehitaji mashine yenye afya, na hii ilikuwa inanuka, gurudumu lake linalalamika, huenda imebakiza kanda moja au mbili kabla haijafa kabisa. Ilibidi achague, na asikosee.

Kanda za kabla ya uzi. Kwa maneno mengine, za kabla ya kitambaa. Fundi alijikuna kichwa, akakumbuka kuhamisha meza, akakumbuka rangi ya ukuta, lakini siku ya kupokea kitambaa haikumjia hata kidogo. Aliyeijua alikuwa mtu mmoja tu duniani, na alikuwa nyuma yake, amesimama.

Alifungua mdomo, akaufunga. Akamtazama Redio kana kwamba Redio angeweza kumwulizia, na Redio, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, akatazama dari.

"Mama."

"Naam."

"Kile kitambaa." Alikuwa anaongea na sakafu. "Ulikileta lini?"

Mama Ramani alikitazama kitambaa pembeni ya meza, akaitazama mashine, kisha akautazama mkono wa mkwewe uliokuwa bado umefumbwa.

"Fungua kiganja."

Akafungua.

Mama Ramani aliuchukua uzi, akauvuta kati ya vidole, akaunyoosha kwenye mwanga. "Huu ni wangu," alisema. "Kwa hiyo mashine imeumizwa na mimi."

"Imeumizwa na mimi, mama. Nilijua haitakiwi kufunikwa, nikanyamaza."

"Ukanyamaza kwa nini?"

Fundi aliinuka, mikono ikarudi nyuma ya mgongo, macho kwenye kola ya gauni lake. Jibu lilikuwa humo humo, katika namna alivyosimama.

Mama Ramani hakulia wala hakugomba. Alifanya kama alivyofanya miaka yote anapopoteza njia ya bomba: alirudi nyuma mpaka mahali pa mwisho alipokuwa na hakika napo. "Uzi wa kijani uliniishia," alisema polepole, "nikanunua mwingine siku mvua ya kwanza iliponikuta nje. Nilijibanza kwenye duka la vitambaa. Nilikuwa natoka kuanza mtaa wa kiwanda cha matofali. Mtaa wa sokoni nilikuwa nimeshaumaliza. Nikafuma wiki ile, nikakuletea." Akainua kichwa. "Chukua kanda ya kabla ya mvua kuanza. Ya mwezi ule wa joto."

Fundi akaitoa kabatini, akaifuta kwa shati lake, akaiingiza.

Mashine ilinguruma. Ikavuta. Haikukohoa. Kwenye kioo majina ya ramani yakaanza kushuka, moja baada ya jingine. Mama Ramani hakuzipa ramani zake majina ya mitaa. Alizipa majina ya waliomwonyesha. Alisogea, akawa anayasoma kwa sauti ya kawaida, kama anayehakiki waliohudhuria.

"Babu Koleo. Yupo. Mzee wa Mbuzi. Yupo. Bibi Kisima na mumewe. Wapo. Mzee Kidevu." Akaligusa jina kwa kidole. "Yupo."

Redio alivua kofia, akaivaa tena.

Majina yalipoisha, gurudumu lilitoa mlio wa kuchoka, na mashine ikazimika yenyewe. Haikuwaka tena. Fundi akanakili ramani zile mahali pawili, halafu akaongeza na pa tatu.

"Mtaa wa matofali haumo," alisema. "Na wote wa baada ya mvua. Nisamehe, mama."

"Walionionyesha kule bado wazima?"

"Sijui, mama."

"Mimi najua. Wazima, na wanapenda kuongea kuliko huyu." Alimwonyesha Redio kwa kidevu. Akakikunja kitambaa mara nne, akakitia mkobani, akachukua fimbo yake ya chuma. "Chukua karatasi, twende. Safari hii hazichomwi."

Walikuwa mtaa wa matofali kabla jua halijazama, yeye mbele anagonga, mkwewe nyuma na ubao wa kuandikia. Kisha, bila kugeuka, Mama Ramani akauliza:

"Kuna kingine unachoogopa kuniambia?"

Fundi alitazama viatu vyake. Akajikaza kisabuni. "Mapazia uliyotutengenezea ya sebuleni, mama."

"Yana nini?"

"Ni marefu, na yamejaa sana. Mlango haufunguki mpaka mwisho. Tunaingia kwa ubavu."

"Mwanangu naye anaingia kwa ubavu?"

"Naye, mama. Na mgeni pia."

Fimbo iligonga ardhi, ikatoa sauti ya wazi, yenye tundu ndani. Mama Ramani aligonga tena palepale, akasikiliza.

"Bomba lipo hapa," alisema. "Andika. Kesho nitakuja na mkasi."