Nane na Tano

Nina wivu, na sioni haya kusema. Mume wangu ni fundi umeme, na mtaani wanamwita Kimya kwa sababu maneno yanamtoka kwa shida. Nikimuuliza kwa nini jiko linapiga shoti, jibu lake ni "usiguse." Kumbe maneno anayo, alikuwa ameyaweka akiba.

Aliyekuja kuyafungulia ni binti wa rafiki yake, anayejiandaa na mtihani wa ufundi. Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu alikuja, mwenyeji nikaugua. Jioni wanakaa kwenye meza yangu na birika la umeme na kipimo chao, mimi nakunja nguo pembeni, nimejitia hamnazo huku sikio liko mezani.

Mume wangu akamweleza kwamba ukinzani ni jinsi waya unavyoupinga umeme usipite. Ukiutaka, unachukua volti unagawanya kwa mkondo. Ukitaka nguvu, unazidisha. Volti ni mia mbili na arobaini, birika linavuta ampea nane. Binti akazidisha badala ya kugawanya, akasema ukinzani ni elfu moja mia tisa na ishirini. Nikangoja akaripiwe kama ninavyokaripiwa mimi. Mume wangu akacheka taratibu.

"Polepole, mama. Hizo ni wati, ndiyo nguvu ya birika. Rudi ugawanye, utapata omu thelathini."

Mama! Katika nyumba hii mama ni mimi, na sijaitwa hivyo tangu uchumba. Urembo wa yule binti haukunisumbua, hata kidogo. Kilichonikereketa ni ile subira. Mimi nimeolewa na mtu bubu, mwenzangu anaazimwa msemaji.

Alipoondoka nikamwomba mume wangu anifundishe na mimi. Akasema amechoka, tena hayo ni mambo ya mafundi, kisha akauliza kama chakula kiko tayari. Nilikipakua. Nilikipakua kwa kishindo, lakini nilikipakua.

Kesho yake wakawasha birika tena kwenye soketi ya waya mrefu, yenye fyuzi yake, ambayo feni pia imechomekwa. Nikaleta pasi, nikaichomeka palepale, nikaanza na shati lake. Nilikuwa kwenye kola fyuzi ilipokatika. Birika likanyamaza, feni ikasimama.

Mume wangu akamwuliza binti kilichotokea. Binti akasema mkondo umezidi. Mume wangu akamsifu weee, halafu akanigeukia kwa sauti ya kumsamehe mtoto.

"Si kosa lako. Wewe ungejuaje?"

Hapo ndipo yaliponifika shingoni. Kunikaripia nimezoea. Kunisamehe kwa ujinga nisiokuwa nao, hapana.

"Nilijua," nikasema. "Birika nane, pasi tano. Kumi na tatu. Fyuzi yako imeandikwa kumi, haivumilii zaidi."

Binti akatazama mikono yake. Mume wangu akaitazama pasi, kisha akanitazama mimi, muda mrefu, kama mtu aliyekuta chumba ambacho hakujua kimo ndani ya nyumba yake.

"Pasi ina wati ngapi?"

"Elfu moja na mia mbili, imeandikwa chini yake. Na ukinzani wake omu arobaini na nane."

Akavuta kiti, akakaa.

"Nani amekufundisha?"

"Wewe," nikamwambia. "Ila ulikuwa huzungumzi na mimi."