Sabuni Isiyotoka Ukutani

Mvua ya Machi ilipopiga nyumba ya Appolinaire kule kijijini Misiera, povu jeupe lilianza kutiririka juu ya matofali mabichi. Majirani waliojibanza barazani walicheka chinichini. Eliane, bintiye aliyekuwa akisomea kemia chuoni mjini Mbarara, alitazama pembeni. Yeye ndiye aliyeupaka ukuta ule lateksi, maji meupe kama maziwa yenye chembe za polima, yaani plastiki laini, akiahidi kwamba udongo hautamomonyoka tena.

"Ulitia sabuni mingi," baba yake alisema bila hasira.

"Bila sabuni chembe zinashikana, papa. Zinakuwa mabonge."

"Basi tafuta sabuni yenye haitoke."

Alisema kwa mzaha, lakini Eliane aliondoka na neno hilo. Perpétue, msimamizi wake wa maabara, alimsikiliza hadi mwisho, kisha akatoa chupa ndogo kabatini. Sabuni ile ilikuwa na ncha inayoungana na polima yenyewe wakati inapotengenezwa. Ikishaungana, maji hayaiondoi.

"Usiiharakishe," alimwonya. "Sina nyingine."

Eliane aliharakisha. Alimimina malighafi zote kwa mkupuo, zikaganda kama maziwa yaliyochacha, na nusu ya chupa ikaenda bure. Alitoka akatembea hadi mtaa wa Kakoba, akanunua hindi la kuchoma, akalitafuna akiwa amesimama, kisha akarudi maabara.

Kesho yake alidondosha malighafi tone baada ya tone, kwa saa nne nzima, mashine ikikoroga polepole. Safari hii maji hayakuwa meupe. Yalikaribia kuwa maangavu, yakiwa na ubuluu kwa mbali. Akajua ameharibu tena.

Perpétue aliinua chupa dirishani. "Hujaharibu. Chembe ni ndogo mno, mwanga unazipita. Hizi zitazama ndani ya tofali."

Jumamosi, Eliane alileta nyumbani kidebe cha lateksi hiyo, na Appolinaire akachukua brashi mwenyewe, akapaka ukuta wa nyuma, usioonekana na majirani.

Siku nne baadaye mvua ilinyesha mchana kutwa. Ilipokatika, walizunguka nyuma pamoja. Hapakuwa na povu. Appolinaire alipitisha kiganja ukutani kutoka juu, kikabaki safi, hadi alipofika chini, pale matone ya mvua yanaporuka kutoka ardhini. Hapo tope lilimganda vidoleni.

"Huku chini bado," alisema.

"Bado, papa."

Alijifuta kwenye suruali. "Utakaporudia, unibakishie kidogo. Mama Goretti wa jirani, tangu aone kile kidebe, ananiomba ya ukuta wake."