Kilo Ishirini na Nne za Kazi

Jumatatu, saa mbili na dakika ishirini asubuhi, daktari wa meno aliingiza gari lake jekundu la spoti ndani ya gereji, akalizima, akatoa kwenye buti boksi ambalo hakutaka mtu amsaidie kulibeba. Alilibeba mwenyewe mpaka kwenye meza ya kazi, akaliweka kama mtu anayemlaza mtoto aliyesinzia. Ndani mlikuwa na supachaja. Alikuwa ameisubiri miezi mitano itoke ng'ambo.

"Kuifunga ni kiasi gani?" akauliza.

Mwenye gereji alifungua kitabu chake. Kilikuwa na kila kazi ya gari na saa zake, kuanzia kubadilisha balbu mpaka kushusha injini. Akateremsha kidole kwenye ukurasa. "Saa kumi na nne za ufundi, daktari."

Fundi wa injini alikuwa ameshafungua boneti. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na mbili, mke wa kaka wa mwenye gereji, na kila mtu pale alimwita Milimita, kwa kuwa haikupita siku bila yeye kumwambia mtu kwamba kitu fulani kimekosea milimita. Alitazama ndani, akapitisha mkono nyuma ya injini, akapapasa, akautoa.

"Thelathini na nane," akasema.

"Kitabu kinasema kumi na nne, shemeji."

"Aliyeandika kitabu alikuwa na gari jipya. Hapa boliti tatu zimeshikwa na kutu, na rejeta lazima isogee. Na hiki kishikio kilichokuja na boksi hakikutengenezewa injini hii. Kilitengenezewa ndugu yake."

Daktari akacheka. "Mama, kwani si kukaza boliti tu?"

"Na jino, daktari, si kuling'oa tu?"

Wote watatu wakacheka. Kisha mwenye gereji akaandika saa kumi na nne, daktari akatia sahihi, na habari ya thelathini na nane ikaishia pale.

Supachaja ni pampu. Huzungushwa na mkanda wa injini yenyewe, ikaishindilia injini hewa nyingi kuliko ile ambayo ingeweza kuivuta kwa pumzi zake, na injini iliyoshiba hewa huchoma mafuta zaidi na kutoa nguvu zaidi. Lakini puli yake, gurudumu linalopitiwa na mkanda, ikikaa upande kwa unene wa ukucha, mkanda hujila wenyewe. Wapo mafundi wanaoifunga kwa saa kumi na nne. Gari huondoka likinguruma, mwenyewe anafurahi, na baada ya mwaka injini inafia barabarani bila mtu kujua imeuawa na nani. Milimita angejua. Kwa hiyo siku ile alimwaga maji ya rejeta, akafungua bampa, akapanga kila nati juu ya kitambaa cheupe kwa mpangilio uleule aliozitoa nao. Jumanne alikuwa na zile boliti tatu za kutu. Alizipasha moto, akazigonga polepole, akasubiri, akazigonga tena, mpaka zote zikatoka nzima. Jumatano alikibana kile kishikio kwenye jiriwa, akawa anapiga tupa, anapima, anapiga tupa, anapima.

Mwenye gereji alipita mara tatu. Mara ya tatu akasimama. "Shemeji, funika kombe mwanaharamu apite."

"Injini haipiti, shemeji. Inabaki humo humo na aibu yangu."

Mchana ule fundi mpaka rangi wa gereji alikuwa amemwaga unga wa mbao sakafuni ili unyonye mafuta yaliyomwagika. Alimtazama Milimita akitoka kwenye gari kwenda mezani na kurudi, akauinamia ule unga, akatikisa kichwa.

"Dada, hukanyagi vizuri."

"Nakanyaga."

"Unga unakataa."

Milimita akageuka nyuma. Nyayo zake zilikuwa hafifu, kama za paka. "Basi nimepungua," akasema, akamwomba ampitishie tupa ndogo.

Mumewe alikuwa fundi cherehani, mtu wa maneno machache na macho makali. Jioni, Milimita alipokaa kwenye kigoda bila kigoda kulia kama kawaida yake, mumewe alichukua futi yake akampima. Kiuno kilikuwa kilekile. Kifua kilekile. Wakatoka pamoja kwenda kwa jirani anayenunua vyuma chakavu, Milimita akapanda kwenye mizani. Tangu mwaka uliopita alikuwa na kilo sabini na moja. Sasa alikuwa na hamsini na moja.

"Umeshafanya saa ngapi kwenye hilo gari?" mumewe akauliza.

"Ishirini."

"Ni kilo kwa saa, basi. Chuma ni kizito. Mimi suti ya yule bwana harusi ilinichukua robo tatu ya kilo, ile ya vifungo kumi na viwili."

"Hukuniambia."

"Alilipa saa zote. Ilirudi yenyewe Jumapili, nikiwa nakunywa chai."

Jirani wa vyuma chakavu alisema kwamba marehemu baba yake, aliyekuwa mwashi, alizikwa akiwa mwepesi kama kapu tupu, na kwamba hospitali ya wilaya ina ukuta mmoja ambao hata tetemeko halikuufanya lolote. Wakamshukuru kwa mizani, wakarudi nyumbani.

Kesho yake mumewe alikuwa ameshonea kwenye pindo za ovaroli yake vipande vya risasi, vile vinavyobandikwa kwenye rimu kusawazisha gurudumu, kwa sababu kwenye kona ya mtaa wao upepo haukuwa na adabu. Milimita akaivaa, akaenda kazini. Wepesi ule ulimfaa. Aliweza kusimama juu ya mhimili wa mbele wa gari bila kuukunja, akafikia nyuma ya injini ambako fundi mwingine angehitaji kujikunja kama panzi. Ijumaa jioni puli zote zilikuwa kwenye mstari mmoja. Aliweka kipimo, akakiondoa, akamwita mpaka rangi aje atazame, kisha akawaita na wengine, mmoja mmoja, kila mtu atazame kwa jicho lake.

Jumamosi saa tano asubuhi aliwasha gari. Kwanza ilikuwa sauti ya injini ya kila siku. Alipogusa mafuta kidogo, chini ya ile sauti ukatoka mluzi mwembamba, safi, uliopanda bila kutetemeka na kushuka bila kukatika. Kwenye duka la ng'ambo ya barabara muuzaji aliacha kupima sukari. Mpaka rangi alishika brashi yake hewani mpaka ikadondosha rangi kwenye kiatu. Milimita alisimama kando ya gari, mikono mfukoni, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akazima.

"Mpigieni daktari," akasema. "Aje achukue."

Daktari alilipa saa kumi na nne kati ya zile thelathini na nane, na mwenye gereji akampa shemeji yake ujira wa saa kumi na nne. Jumapili, Milimita akiwa anaanua nguo, kilo kumi na nne zilimrudia. Alizisikia zikiingia kupitia visigino. Akasubiri mpaka jioni, kisha akaenda kwa jirani akapanda mizani. Arobaini na saba.

Mumewe alivaa koti akaenda kwa mdogo wake.

"Mdogo wangu, mke wangu yumo ndani ya gari la watu. Kilo ishirini na nne."

"Kaka, mimi nimelipa kitabu."

"Kitabu hakijawahi kufunga hata nati."

"Kweli. Lakini mteja anakiamini. Nikisema nimlipe shemeji kila saa anayoipenda yeye, kesho hapa tutafuga kuku." Alisema bila ubaya. Alimpenda shemeji yake, na shemeji alipougua mwaka juzi yeye ndiye aliyempeleka hospitali mgongoni. "Mwambie afanye kazi kama wenzake. Atabaki na uzito wake wote."

Milimita alipoambiwa alikuwa anamenya viazi. Hakuacha kumenya.

"Usirudi tena kumwomba," akasema. "Nilisema thelathini na nane mbele ya watu wawili wenye masikio. Kudai nimeshadai. Kuomba siombi. Na kazi ya saa kumi na nne siifanyi mimi, akaifanye mtu mwingine."

Baada ya wiki mbili gari lilitakiwa kupita kwenye ukaguzi, maana gari lililofanyiwa mabadiliko kwenye injini hupimwa upya, na fundi aliyelifanyia kazi lazima aje atie sahihi. Milimita alienda akiwa amevaa gauni lake la kitenge na viatu vya kufunga. Mpimaji, mzee mwenye penseli sikioni, aliliweka gari juu ya mizani kubwa, akasoma karatasi za boksi, akapiga hesabu.

"Gari lilikuwa na kilo elfu moja mia tatu na kumi," akasema. "Supachaja na vifaa vyake, arobaini na tatu. Inatakiwa iwe elfu moja mia tatu hamsini na tatu. Mizani inasema sabini na saba. Hapa kuna kilo ishirini na nne za kazi."

"Za nani?" daktari akauliza.

"Zangu," akasema Milimita.

Mpimaji akamwomba apande kwenye mizani ndogo ya mizigo. Akamuuliza uzito wake wa zamani, akajumlisha, akatoa, akaridhika. "Hesabu inakubaliana. Juzi nilikuwa na basi lenye kilo mia mbili na tisa. Hizi ni chache."

"Naweza kuzitoa?" akauliza daktari.

"Ukizilipia zitaondoka zenyewe. Usipozilipia ni sehemu ya gari, naandika chini ya jina lako."

Daktari alifikiri. Hakuwa mtu mbaya. Kwenye kliniki yake aliwang'oa wazee meno bila malipo kila Ijumaa. Akalitazama gari lake, akapapasa paa lake.

"Tatizo ni kwamba halijawahi kutulia kwenye kona kama sasa," akasema. "Zamani lilikuwa linarukaruka. Sasa linaishika barabara kama lina mawazo. Zikitoka, si litaanza tena?"

"Huenda," akasema mpimaji.

"Basi ziache." Akamgeukia Milimita, akaweka mkono kifuani kwa heshima. "Mama, hiyo ni sifa kwako."

Mpimaji akagonga mhuri. Kwa kuwa ushuru wa gari hutozwa kwa uzito, daktari alienda dirishani akazilipia ushuru zile kilo ishirini na nne, na angeulipa kila mwaka. Alilipa palepale bila kunung'unika, akapewa risiti.

Wakati wa kurudi alimpa Milimita ufunguo. "Endesha wewe. Hujawahi kuliendesha barabarani."

Milimita akaingia. Alipokaa, kiti kilibonyea na springi zake zikalia, na pale pale akahisi mapaja yake, mabega yake, mikono yake kwenye usukani, kila kitu kikiwa na uzito wake. Alikuwa na kilo sabini na moja. Akakaa kidogo hivyo hivyo bila kuwasha, kama mtu aliyeingia nyumbani akakuta taa inawaka.

Alichukua barabara ya mlimani. Hakuikimbiza, aliiacha injini ipande kwa nguvu zake, na kila alipoongeza mafuta ule mluzi ulimjibu. Kwenye kona ya kwanza alilisikia gari likijiegemeza pale hasa ambapo yeye mwenyewe angejiegemeza. Kona ya tatu aliacha kulifikiria. Daktari alishika mkanda wake wa kiti, na walipofika juu jasho lilikuwa limemtoka kwa furaha.

Pale juu palikuwa na uwanja wa kuegesha magari, na watu kadhaa walikuwa wamekuja kutazama mji. Milimita akazima, akafungua mlango, akateremka. Upepo ukamsogeza hatua mbili. Daktari alizunguka gari haraka, akamshika mkono kwa adabu mpaka akapata nguzo ya kushika.

Mwanamume mmoja aliyekuwa na mkewe alisogea, akainamisha kichwa upande wa boneti iliyokuwa bado inatoa joto.

"Nimewasikia mkipanda," akasema. "Umefunga supachaja?"

"Nimefunga mwezi huu," akajibu daktari.

"Nimefunga mimi," akasema Milimita kutoka kwenye nguzo.

Yule mwanamume akamtazama, gauni likimpepea, viatu vikigusa ardhi kidogo tu. Akaomba afunguliwe boneti. Alitazama kwa muda mrefu. Akafuata mkanda kwa kidole bila kuugusa, kutoka puli moja hadi nyingine, akarudi tena mwanzo. Mkewe naye akaja akatazama.

"Imefungwa vizuri sana," akasema.

"Najua," akasema Milimita.