Isale Halirudishwi

"Elfu hamsini kila kipindi," alisema binti wa dirisha la malipo la hospitali. "Na ameandikiwa vipindi sita, Bibi."

Dominika aliweka fundo la kitenge juu ya mbao ya dirisha, akalifungua kwa meno. Ndani mlikuwa na elfu thelathini na mbili, bei ya mikungu mitatu aliyoiteremsha kutoka Uru asubuhi ile. Nyuma yake mjukuu wake Tito alikuwa amekaa pembeni kabisa mwa benchi, kama anayewapisha wengine, na benchi lote lilikuwa tupu.

"Huyo mwanasaikolojia anamchoma sindano?"

"Hachomi, Bibi. Wanaongea."

"Wanaongea."

"Saa nzima. Ana bima?"

"Kampuni ilimkatia ya mlimani. Iliisha aliposhuka."

Binti huyo, beji yake ilisema Gladness, alizirudisha noti taratibu. Hakuwa mbaya. "Lipo punguzo la wasiojiweza. Leta barua ya mtendaji wa kijiji. Iseme anaumwa nini na kimempata nini."

Dominika alilifunga fundo lake. Barua ya mtendaji husomwa kwanza na kila aliyekaa ofisini siku hiyo, halafu na wake zao.

Kilichompata Tito kilikuwa hiki. Alikuwa mpagazi wa watalii. Mwezi wa pili, kambi ya juu, mwenzake Lucky alianza kukohoa povu la damu. Kiongozi wa msafara akampigia simu mwenye kampuni, Mzee Efraimu, na simu ilikuwa kwenye sauti ya nje. Efraimu akajibu kwamba wageni wafike kileleni kwanza, watu wa kumshusha mpagazi hawapo. Walioisikia simu ile walikuwa watatu. Saa tano baadaye Tito alimpakia Lucky mgongoni akateremka naye peke yake, na alipomtua alikuta amebeba maiti, tangu wapi hakujua.

Sasa alikuwa halali. Mchana alisimama kihambani kati ya migomba, mgongo umeinama, mikono ameirudisha nyuma kama aliyeshika miguu ya mtu.

Salvina, mama yake Lucky, alikuwa amedai fidia. Katika wale watatu wa simu, wawili bado walikuwa na kazi kwa Efraimu. Aliyebaki kusema ni Tito.

Jumapili, baada ya misa, Efraimu alikuja. Gari aliliacha barabarani akapanda kwa miguu, ameshika kwa mikono miwili tawi la isale, mmea wa kuombea msamaha, majani yake yamefungwa fundo. Dominika alipoliona aliweka chini ungo wa maharage. Aliyeletewa isale hakatai, hata aliyelileta akiwa amemwaga damu. Hivyo ndivyo alivyolelewa yeye, na hivyo ndivyo alivyolelewa Efraimu, ng'ambo ya mfereji uleule.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Efraimu."

"Nimekosa. Kijana ameumia akiwa kazini kwangu. Nimesikia mmerudishwa dirishani kwa ajili ya hela. Vipindi vyote sita nalipa mimi."

"Na Salvina?"

"Ya Salvina yana kikao chake, mama. Mimi hapa nimekuja kwa ajili ya Tito."

Tito alikuwa amesimama mlangoni. "Bibi, usilishike."

"Isale halirudishwi, mjukuu wangu."

"Hilo anajua hata yeye. Ndiyo maana hakuja na soda."

Efraimu alicheka kidogo, kwa heshima, macho chini. Dominika akalipokea. Alilichomeka kando ya mlango, na kwa kuwa ardhi ilikuwa na maji, likashika.

Alhamisi dereva wa kampuni alileta karatasi. "Ni ya kawaida, Bibi. Ya mlipaji." Dominika, aliyeishia darasa la tatu, aliusoma mstari wa juu kwa kidole: FOMU YA RIDHAA. Neno ridhaa alilifahamu, padri hulitaja kwenye ndoa. Mistari ya chini ilikuwa midogo kama mayai ya chawa.

"Weka sahihi, Tito. Mtu akilipa lazima apewe karatasi yake."

Tito alimtazama muda mrefu, kisha akaweka.

Kipindi cha kwanza alirudi kimya. Baada ya cha tatu aliomba mtori akamaliza bakuli. Baada ya cha nne alilala, kuanzia saa nne asubuhi mpaka jioni, na Dominika alikaa kizingitini siku nzima akifukuza kuku wasimwamshe.

"Unamwambia nini huyo daktari?"

"Yote, Bibi. Amesema mle ndani hakitoki kitu."

Kikao cha fidia kilikaa wiki iliyofuata. Salvina alikuja na kanga ya msiba. Tito alisimama akaieleza ile simu, sauti imetulia, neno baada ya neno. Dominika alijisikia kama mtu aliyetua mzigo.

Wakili wa kampuni, kijana mpole, alifungua faili la kijani.

"Bwana Tito, hapa daktari wako ameandika kwamba unamsikia marehemu akikohoa. Ni kweli?"

Tito aliligeukia faili. Halafu akamgeukia bibi yake.

"Ni kweli."

"Hata sasa hivi?"

Feni ya darini ilizunguka. Salvina alikuwa amefumba macho.

"Ndiyo."

"Na sauti ya Mzee Efraimu, uliisikia hivyo hivyo?"

Tito alikaa, na mikono yake ikarudi nyuma polepole, ikashika miguu ya mtu. Efraimu alikuwa kwenye kiti cha mbele. Alitikisa kichwa kwa huzuni, kama mzazi.

Walipotoka, Salvina alimpita Dominika pasipo salamu.

Asubuhi ya Alhamisi Dominika aliling'oa lile isale na mizizi yake, akateremka nalo mjini. Alimwacha Tito kihambani, amesimama. Kwenye lango la Efraimu mlinzi alimwambia mzee yuko safarini. Akaenda dirishani.

"Shikamoo, Bibi. Tito yuko wapi? Saa yake inafika."

"Nimefuata maneno yake. Yale aliyoyasema humu. Nipe niondoke nayo."

Gladness alishusha sauti. "Nakala alishachukua mlipaji, Bibi. Ridhaa ilisema hivyo."

"Basi mpe na hili. Mwambie sikupokea."

Alilisukuma isale kwenye tundu la dirisha. Udongo ulimwagika juu ya kitabu cha miadi. Gladness, binti wa Marangu aliyejua maana ya isale, aliondoa mikono yake mezani akaificha mapajani. Hakulivuta, hakulirudisha.

"Bado vipindi viwili," alisema, akiitazama ile mizizi. "Vimeshalipiwa. Asipokuja vinapotea."

Mwanamume aliyekuwa nyuma kwenye foleni, mgeni wa mji kwa lafudhi yake, aliinama juu ya bega la Dominika.

"Mama, samahani, sogeza hayo majani kidogo," alisema, akazipitisha noti zake chini ya isale.