Nahodha Aliyeogopa Maji

Gazeti letu hutoka kila siku, na watu wa mwambao huu hulinunua kwa mambo mawili: saa za maji kujaa na kupwa, na tanzia. Habari za serikali wameshazisikia redioni tangu jana. Mhariri hapendi kuambiwa hivyo, lakini hata yeye nimemkuta mara nyingi akilifungua gazeti lake kwa nyuma.

Saa za maji huletwa na watu wa bandari. Tanzia ni zangu. Nimekaa kwenye dirisha la wateja tangu nimalize kidato cha nne, na naweza kusema bila kujisifu kwamba katika ukanda wetu hajawahi kufa mtu mbaya. Wote walikuwa wapole, wacheshi, wapenda watu. Nimewaandika mwenyewe.

Mke wangu alikuwa fundi cherehani. Cherehani yake ilikaa sebuleni chini ya dirisha, na mteja akija kupimwa, mimi nilihamia jikoni na gazeti langu. Mteja akishaondoka, sauti ilinifuata huko huko.

"Mume wangu, leo umezika nani?"

Namsomea. Akisikia "mcheshi" anatoa pini mdomoni ili apate nafasi ya kucheka.

"Huyo? Mcheshi? Kila nikimshonea gauni analirudisha, na uso kaukunja kama kitambaa cha kwenye fungu la mitumba! Hivi wabaya mnawazika wapi, nyie?"

Alipougua na cherehani ikafunikwa shuka, aliniita karibu.

"Mimi usiniandike mpole. Ukiniandika mpole nitainuka."

"Nikuandike nini sasa?"

"Kweli yoyote. Hata moja. Mimi sina makuu."

Alifariki alfajiri. Familia ikapanga kumzika kesho yake alasiri, kwa hiyo tanzia ilipaswa kwenda mtamboni siku ile ile. Mhariri, ambaye ofisi nzima tunamwita Mkasi kwa jinsi anavyokata maneno ya watu, alinipigia simu akaniambia nibaki nyumbani, ataandika mtu mwingine. Nilikataa, nikaenda ofisini. Kazi ya maisha yangu yote ilikuwa hiyo, na sasa alikuwa amekufa mtu mmoja niliyemjua.

Hapa inabidi nieleze tunavyofanya kazi. Tanzia haianzi upya. Nafungua ya mtu wa jana kwenye kompyuta, natoa jina, picha na mahali pa maziko, naweka vya leo. Sifa huwa siziondoi mpaka mwisho, na mara nyingi siziondoi kabisa, maana zinamfaa kila mtu. Mtu wa jana alikuwa nahodha mstaafu. Nikaweka jina la mke wangu, nikaweka picha yake ile akiwa ameshika mkasi, kisha nikafungua ukurasa mwingine mweupe pembeni, ili ile kweli moja niiandike kwa utulivu.

Utulivu ukanishinda. Niliandika "Alikuwa mkali", nikafuta, watasema tuligombana. Niliandika "Aliimba vibaya", nikafuta; ni kweli, lakini ndugu zake wote wanaimba vilevile. Mtu niliyeandika maelfu ya marehemu, wengine huku natafuna andazi, nikawa nimekodoa macho kama mwanafunzi aliyeingia kwenye mtihani wa darasa jingine.

Mkasi akaja akasimama nyuma yangu. "Mzee wangu, ukurasa unafungwa."

"Bado sentensi moja."

"Hiyo hiyo ya mchana?"

"Hiyo hiyo."

Akanigusa bega, akaenda kuwabembeleza watu wa mtambo. Hapo ndipo nikaandika: "Hakuwa mpole, na nyumba ilikuwa na raha." Niliisoma nikaridhika mno. Nikafuta machozi, nikatuma, nikarudi nyumbani nikiwa na fahari ya mtu aliyetimiza ahadi.

Asubuhi shemeji yangu, kaka yake mkubwa, alikuja na gazeti mkononi.

"Shemeji, hebu nisomee hapa. Naona miwani yangu imeharibika."

Nikasoma. "Nahodha mstaafu, aliyeongoza vyombo katika bahari iliyochafuka kwa utulivu na upole, na kupendwa na mabaharia wote."

Sentensi yangu ilikuwa imebaki kwenye ule ukurasa wa pembeni, salama salimini. Nilikuwa nimetuma sifa za mtu wa jana.

"Dada yangu huyu?" shemeji akauliza. "Aliyekuwa akipita barabara ya ufukweni anatembea upande wa ukuta?"

"Shemeji, naomba unisamehe."

"Na upole umo."

"Umo."

Alinitazama, akakunja gazeti taratibu, akalitia chini ya kwapa. Sikujua kama atanipiga au atalia. Nadhani hata yeye hakujua.

Alasiri, makaburini, wakaja manahodha wastaafu. Walikuwa kundi zima, wazee watupu, wamevaa mashati meupe yenye vifungo vya shaba na kofia wamezishika mkononi. Wakajipanga mstari. Mama mkwe akamvuta shemeji shati.

"Hawa ni nani?"

"Wafanyakazi wenzake," shemeji akajibu, na mabega yakaanza kumtikisika.

Mmoja wao akaomba kusema neno. Sikuwa na nguvu ya kumzuia. Akasema marehemu alikuwa mkali wa usukani, hakuwahi kumwacha mtu majini, na kwamba mabaharia wa leo hawana moyo wa namna ile. Alisema vizuri sana. Watu walilia. Mimi nililia kuliko wote, nikiwa nimejiziba mdomo kwa leso, na sehemu ya kilio kile, Mungu anisamehe, ilikuwa kicheko.

Baadaye nilimfuata. "Mzee, ulimfahamu?"

Akazungusha kofia mikononi. "Kusema kweli, hapana. Lakini huyu mwenzangu alisema alisafiri naye."

"Mimi?" mwenzake akaruka. "Mimi nilidhani wewe ndiye ulisafiri naye!"

"Sasa tungefanyaje?" yule wa kwanza akaniambia. "Imeandikwa gazetini. Usipokwenda kumzika mwenzako, nani atakuja kwako?"

Niliporudi kazini Mkasi aliniambia lazima tuchapishe masahihisho. Kwa kawaida yetu masahihisho hukaa chini ya saa za maji, kwa herufi ndogo, na sharti lake ni moja: tulichosema, na kilivyo kweli. Sifa haziruhusiwi. Nilikaa nikayaandika, na chai yangu ilikuwa bado ya moto nilipomaliza.

"Katika tanzia tuliyochapisha tulisema marehemu alikuwa nahodha mstaafu. Hakuwa. Alikuwa fundi cherehani, na hakupanda chombo chochote cha majini maisha yake yote kwa sababu aliogopa maji. Tulisema alikuwa mtulivu na mpole. Hakuwa. Alibishana na wateja, na wasipokuwepo alibishana na redio. Tulisema alipendwa na mabaharia wote. Hawakumjua mpaka siku ya kumzika. Siku hiyo, ndiyo. Tunaomba radhi kwa usumbufu."

Ile sentensi niliyojivunia sikuiweka. Nilipoisoma tena niliona ni tanzia ileile, imegeuzwa nje ndani tu kama koti.

Mkasi alisoma akiwa ameshika kalamu nyekundu. Akasoma tena. Mwishowe akakata mstari wa mwisho.

"Hapa sioni usumbufu," akasema, akapeleka mtamboni.

Masahihisho yalipotoka, mama mmoja wa makamo alikuja dirishani kwangu na gazeti.

"Nataka na mimi haya ya chini ya saa za maji."

"Masahihisho? Tumekosea nini, mama?"

"Mume wangu. Mlimwandika mchapakazi."

"Hakuwa?"

"Jamani!"

Nikamsogezea kiti, nikavuta karatasi isiyo na maneno ya mtu. Nikamuuliza mumewe alikuwaje. Nilijisikia mgeni wa kazi yangu mwenyewe, kwa sababu swali hilo sikuwahi kumuuliza mteja.

Akaketi, akaweka mkoba mapajani, na uso wake ukafunguka.

"Alikuwa analala," akasema. "Yule mwanamume alikuwa analala vizuri, baba, hujapata kuona."