Sauti Ifike Juu

Msibani kila mtu alimwuliza Mama Kamba swali lile lile, kila mmoja kwa namna yake: kwani hukuliona lile tawi? Aliliona. Lilikuwa tawi kavu juu ya kichwa cha mumewe, na lilianza kupasuka taratibu. Yeye alikuwa chini ameshika kamba, na alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Lakini mumewe alikuwa na msumeno wa petroli mikononi na viziba masikio kichwani. Ngurumo ya ule msumeno ilimeza kila kitu. Mume akaendelea kukata kwa utulivu wake, wala hakuinua kichwa, mpaka tawi likamwangukia.

Mumewe walimwita Kima, kwa jinsi alivyoparamia miti. Kikosi chao, alipenda kusema, kilikuwa cha watu wawili na nusu: yeye juu, mkewe chini, na mdogo wake ndiye nusu, maana hakuna asubuhi aliyowahi kazini.

Msiba ulipotulia, yule nusu alikuja mapema kuliko siku zote, akakaa kwenye ngazi ya mlango.

"Shemeji, wateja wanapiga simu. Mvua zinakaribia na watu wana miti imeinamia mapaa. Tukilala, watatafuta wengine."

"Nani atapanda?"

"Mimi."

"Na msumeno gani?"

Akakohoa. "Si upo ule. Mzima kabisa."

"Najua ni mzima, naunoa mimi. Lakini haupandi mti tena, si kwa kamba niliyoshika mimi."

"Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka," shemeji akasema kwa upole.

"Basi niache nishtuke," akajibu. "Twende tukatafute wa betri."

Duka la vifaa lilikuwa refu na jembamba, likinuka mpira na oili mpya. Muuzaji alikuwa mcheshi, mwenye maneno mengi kuliko bidhaa. Shemeji alikwenda moja kwa moja kwenye msumeno mkubwa kuliko yote, akaukumbatia kama mtu aliyeonana na ndugu.

"Huu ndio dume," akasema.

"Weka betri kwanza," Mama Kamba akamwambia. "Bila betri kila kitu ni chepesi. Haya, unyooshe mkono. Sasa kaa hivyo hivyo."

Alikaa. Muda si mrefu mkono ukaanza kutetemeka, na muuzaji akageukia pembeni kuficha kicheko. Dume likarudishwa kwenye rafu.

Mama Kamba akachagua wa wastani, wenye nguvu za kutosha matawi manene lakini wa kuning'inia kiunoni bila kumvuta mtu. Akajaribu breki ya mnyororo, akatazama tundu la oili, akapitisha kidole kwenye meno. Kisha akauliza kama betri ile ile ingeingia kwenye mashine ya kufungulia nati, kwa sababu visu vya mashine yao ya kusaga matawi hushikwa na kutu, na Kima ndiye aliyekuwa akizifungua nati zake kwa mikono. Muuzaji akaipachika betri mbele yake. Iliingia. Mama Kamba akaikamata ile mashine ya nati, akaibonyeza mara moja, akaiweka chini haraka. Nati ambazo mumewe alihangaika nazo huku akizitukana, kumbe kidole kimoja kingezitosha.

"Nataka kuusikia ukikata," akasema.

Nyuma ya duka palikuwa na gogo juu ya vigingi. Shemeji akavaa kofia na viziba masikio. Mama Kamba akarudi nyuma mpaka ukutani, umbali wa mti mrefu. Msumeno ukaanza kuvuma na unga wa mbao ukaruka. Alikuwa amepanga kuita "shemeji". Akafungua kinywa.

"Kima!"

Shemeji akaachia kitufe pale pale. Uwanja ukanyamaza, mnyororo ukiwa bado ndani ya gogo.

"Naam," akaitika, kisha akageuka, uso umembadilika.

Mama Kamba aliketi chini, mgongo ukutani. Muuzaji alileta maji, akasimama na bilauri mkononi asijue ampe nani.

"Amesikia," Mama Kamba alikuwa akisema. "Mara moja tu nimeita. Amesikia."

Walinunua. Wiki iliyofuata walipata kazi nyuma ya shule, mti mkubwa uliokuwa ukisukuma ukuta. Shemeji alipanda. Kila alipopumzisha msumeno, sauti yake ilishuka mpaka chini: alilalamikia sisimizi, akabembeleza tawi lisimwangushe, akajisifu alipokata vizuri. Mama Kamba alisikiliza huku akilegeza kamba. Miaka yote ya ndoa yao alikuwa akisimama chini ya Kima na kusikia injini tu.

Shemeji aliposhuka kunywa maji, Mama Kamba akamwuliza: "Ndugu yako naye alikuwa akiongea huko juu?"

"Yule? Kasuku. Mimi nilikuwa napanda naye enzi za msumeno wa mkono, kabla hujaolewa. Hanyamazi."

"Na baada ya kununua ule wa petroli?"

"Nilikuwa nikikaa tawi la jirani namwona midomo inakwenda." Shemeji akafuta mdomo, akasita. "Siku moja wakati wa chakula nikamwuliza, wewe unaongea na nani na mngurumo wote ule? Akaniambia, na mke wangu. Nikamwambia, hakusikii. Akasema, ndiyo maana namwambia yote."

Mama Kamba alishika kamba kwa mikono miwili.

"Yote yapi?"

"Sijui, shemeji. Wallahi sijui. Sikumwuliza."

Mama Kamba akamtazama, labda shemeji angekumbuka neno, hata moja. Hakukumbuka. Akavaa kofia yake, akakagua mafundo ya kiunoni, akapanda tena. Mama Kamba alikaza kamba, akainua uso na kutazama juu. Machozi yalikuwa yakimtiririka wala hakuyafuta, kwa kuwa mikono ilikuwa na kazi.