Bonde Lisilo na Watu

Gershom aliikunjua ramani mezani akaikandamiza kwa viganja viwili, maana ilikuwa imezoea kujikunja. Mama yake, Eddah, alikuwa mochari tangu juma lililopita. Aliloomba kabla ya kufa ni moja tu: azikwe kwao milimani Taita, bondeni, kando ya mumewe. Lakini askari wa ranchi waliwafukuza wachimba kaburi, wakasema ruhusa hutoka mjini, mtaa wa Magongo, katika ofisi ya kampuni yenye ranchi, iliyo juu ya duka la saruji. Basi ndiyo hivyo, ametoka kazini na ovaroli yake, kuombea mama yake shimo katika ardhi alikozaliwa yeye mwenyewe.

"Mzungu mpima ardhi alimwachia babu hii," alisema. "Babu ndiye aliyemwongoza. Tazama, bwana Lenox. Mlima huu, mto huu, na hapa ng'ombe wetu walikuwa wakinywa maji."

Lenox, wakili wa kampuni, kijana ambaye Gershom angeweza kumzaa, aliinama akasoma taratibu.

"Sioni nyumba hata moja, mzee."

Gershom akacheka. Watu wa mjini hawa. "Ilikuwa kiangazi. Kiangazi twapanda mlimani na ng'ombe, vibanda vya bondeni twavichoma, kupe wafe. Mvua ikinyesha twarudi kujenga vingine."

"Na mpima alipouliza nani anaishi hapa?"

"Babu alimwambia kweli. Kwa sasa hapana mtu."

Lenox aliweka kidole chini ya maandishi madogo ya Kizungu. "Ndivyo alivyoandika. Ila hiyo 'kwa sasa' hakuiandika." Akaipiga picha ramani kwa simu. "Ahsante, mzee. Umetusaidia."

"Na kaburi la baba?"

"Halimo humu."

"Alikufa baadaye."

"Basi lete ramani ya baadaye."

Gershom akaikunja ramani. Babu, mtu asiyejua uongo, alikuwa amefanywa shahidi dhidi ya mke wa mwanawe.

Jumamosi Gershom na jamaa zake walikwenda na jeneza hivyo hivyo mpaka lango la ranchi, liwalo na liwe. Askari hawakubishana. Walikaa kivulini, lango limefungwa, waombolezaji wakaimba mpaka sauti zikawakauka. Alasiri askari mmoja akainuka na funguo, na Gershom akashika jeneza tayari kulibeba.

"Lisogezeni kando," alisema askari, wala si kwa ukali. "Mnaziba njia."

Wakalisogeza majanini. Lango likafunguliwa, ng'ombe wa ranchi wakapita polepole kuingia bondeni, kisha likafungwa.